UNDUGU NI KUFAANA, SI KUFICHANA

Neno "ndugu" hatulikosi midomoni mwetu. Mwenyekiti hulitamka anapofungua mkutano, na mjumbe wa nyumba kumi hulitamka anapobisha hodi. Lakini neno likitumika sana huchakaa kama sarafu iliyopita mikono mingi, hata sura yake isionekane vizuri tena. Kwa hiyo wiki hii twataka kulitazama upya neno hilo, na kulipima kwa jambo zito kuliko mengi yanayoweza kuwakuta watoto wa mama mmoja, nalo ni ugaidi.

Vijana wetu hupenda sana hadithi za namna hii. Mpe kijana kitabu chenye ndugu wawili, mmoja amenaswa au anashukiwa, mwingine anahangaika kumwokoa, wauaji wako mbele na polisi wako nyuma, naye hatalala mpaka aufikie ukurasa wa mwisho. Hatumlaumu. Ila twasema kwamba hadithi ya kweli ya namna hiyo ilitokea jirani yetu, mjini Nairobi, na yafaa kila mwanachama aijue, kwa sababu mafunzo yake yatuhusu sisi sote.

Tarehe 21 Septemba 1913 ingekuwa habari ya wazee. Hii ni ya juzi tu, siku ya Jumamosi, tarehe 21 Septemba 2013. Magaidi wa Al-Shabaab waliingia katika jumba la maduka la Westgate wakaanza kuwapiga watu risasi, wakubwa kwa watoto. Watu 67 walipoteza maisha. Siku hiyo Bwana Abdul Haji, mfanyabiashara, alipata ujumbe wa simu kutoka kwa ndugu yake Noordin kwamba amenaswa mle ndani. Noordin alikuwa mtumishi wa usalama aliyeshughulika na mambo ya ugaidi, na Bwana Abdul alihofu kwamba huenda wauaji wamemfuata yeye hasa. Akachukua bastola yake ya leseni akaenda.

Watu hawa wawili ni nani? Ni Wakenya wa kabila la Kisomali. Ni Waislamu. Ni watoto wa Mzee Mohamed Yusuf Haji, aliyepata kuwa Waziri wa Ulinzi wa Kenya.

Bwana Abdul alipofika Westgate hakukuta jeshi lililojipanga. Alikuta askari kanzu wachache, watu wa Msalaba Mwekundu, na raia wengine wenye bastola, wakiwamo Wakenya wenye asili ya Kihindi. Hawakuwa na kamanda mmoja wala sare moja. Waliingia pamoja, wakawa wanawatoa watu waliojificha. Mpiga picha wa shirika la Reuters, Goran Tomašević, alikuwa mle ndani pamoja nao, na picha yake moja ilienea duniani kote: mtoto mdogo wa kike anakimbia kumwelekea Bwana Abdul, naye ameinama amemnyoshea mkono. Mtoto yule hakuwa wa kabila lake, wala wa dini yake, wala wa nchi yake.

Noordin alitoka salama. Miaka iliyofuata aliteuliwa kuwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma wa Kenya, na mwaka 2023 akapewa kuongoza Idara ya Ujasusi ya nchi hiyo. Lakini neno tunalotaka mlishike ni hili: mtu aliingia katika moto kwa ajili ya ndugu wa tumbo moja, akatoka amewashika mikono watoto wa wenzake. Huo ndio undugu. Huanzia nyumbani, lakini hauishii nyumbani.

Sasa twauliza swali, na kila mmoja ajijibu moyoni mwake. Kama wewe ungekuwa mlangoni pa Westgate saa ile, ukamwona mtu wa Kisomali anakuja mbio na bastola mkononi, ungemdhania nani?

Hapo ndipo ubaguzi ulipo. Haukai katika hotuba za watu wabaya peke yao. Hukaa katika nukta ile moja ya kumtazama mtu na kuamua yeye ni nani kabla hajafungua kinywa.

Na tazameni yaliyofuata. Haikupita miezi saba tangu Westgate. Tarehe 31 Machi 2014 mabomu yalilipuka Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, yakawaua watu sita. Serikali ya Kenya ikaanzisha msako ulioitwa Usalama Watch. Watu wapatao 4,000 walikamatwa, na wengi wao wakapelekwa uwanja wa michezo wa Kasarani kupekuliwa. Walikuwamo wakimbizi, walikuwamo wageni, na walikuwamo raia wa Kenya wenye vitambulisho mfukoni. Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi ya Kenya yenyewe iliuchunguza msako ule na kuukosoa.

Hapana anayebisha kwamba serikali ina wajibu wa kulinda watu wake. Serikali isiyolinda watu wake si serikali. Lakini katika msako ule watu hawakuulizwa wamefanya nini. Waliulizwa wao ni nani. Wala halikuwa jambo jipya. Mwaka 1989 Wakenya wa kabila la Kisomali walipangwa mistari wahakikiwe, wakapewa kadi za peke yao kuthibitisha kwamba ni raia wa nchi waliyozaliwa. Hebu fikiri, mzee aliyeonyeshwa mwaka 1989 kwamba uraia wake una mashaka, mwaka 2014 anamwona mjukuu wake akipakiwa katika karandinga. Mzee huyo atafundisha nini nyumbani kwake juu ya serikali?

Wako watakaosema: "Ninyi mwatetea wahalifu. Afadhali wasio na hatia waudhike kidogo, ili gaidi mmoja apatikane." Hoja hii twaijibu bila kupepesa macho, kwa maana ndiyo kiini cha makala yetu. Twasema kwamba ubaguzi haumkamati gaidi. Ubaguzi humfunga mdomo ndugu yake.

Ni nani wa kwanza kujua kwamba kijana amebadilika? Si polisi. Ni ndugu anayelala naye chumba kimoja. Ni mama anayeona mwanawe hali tena na wenzake, na simu yake haizimiki usiku. Ni baba anayegundua kwamba mtoto aliyeaga kwenda kutafuta kazi hakufika alikosema. Hao ndio wenye habari. Na hao hawatasema neno ikiwa wanaamini kwamba wakisema, mtoto atapotea asionekane tena, na nyumba nzima itageuka kuwa nyumba ya magaidi.

Tazameni jambo la Garissa. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi wanne waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa wakawaua watu 148, karibu wote wanafunzi. Mmoja wa wauaji alikuwa kijana aliyesoma sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu katika jimbo la Mandera. Serikali yenyewe ilitangaza kwamba baba yake alikuwa amekwisha kupeleka habari kuwa mwanawe hajulikani alipo, na kwamba anahofu amekwenda Somalia. Ndugu wasomaji, mpimeni mzee huyo. Alimpenda mwanawe kama kila mzazi. Lakini hakukubali mapenzi yake yawe pazia la kuwafichia watu kifo. Alisema. Lililoshindikana halikushindikana kwa sababu Msomali alinyamaza.

Wangapi wengine wangesema kama yeye, lakini waliogopa? Mwaka 2016 shirika la Human Rights Watch lilieleza habari za watu 34 waliochukuliwa na vyombo vya usalama kaskazini mashariki mwa Kenya katika misako dhidi ya ugaidi, wasijulikane walipo. Mama akisikia habari kama hizo, je, atakwenda kituo cha polisi kumtaja mwanawe? Atakaa kimya, aombe Mungu, na kimya chake kitamfaa gaidi kuliko bunduki kumi.

Tusidhani kwamba haya ni matatizo ya Waafrika au ya Waislamu tu. Nchini Marekani, tangu mwaka 1978 hadi 1995, mtu mmoja alikuwa akituma na kutega mabomu. Aliwaua watu watatu na kuwajeruhi 23. Polisi wa nchi tajiri kama ile walimtafuta miaka 17 wasimpate. Kisha mwaka 1995 magazeti yalichapisha maandishi yake marefu, na Bwana mmoja, David Kaczynski, pamoja na mkewe, wakayasoma wakaona maneno yale yanafanana mno na ya kaka yake, Ted. Damu ni nzito kuliko maji, na bila shaka mtu huyo alilala macho makavu usiku mwingi. Lakini alipeleka habari. Mwezi Aprili 1996 Ted alikamatwa katika kibanda chake milimani Montana, hakuua mtu mwingine tena.

Ted Kaczynski alikuwa mwalimu wa hisabati wa chuo kikuu kabla ya kukimbilia msituni. Twauliza: Je, polisi wa Marekani waliwakusanya walimu wote wa hisabati wakawajaza katika uwanja wa mpira? La! Waliomfanania rangi na kazi hawakuguswa. Mhalifu mmoja alibeba kosa lake mwenyewe. Mbona basi akikosa Msomali mmoja, kosa ni la Wasomali wote?

Na yako mafunzo mengine hapo, kwa serikali zote. Bwana David alijitahidi kaka yake asinyongwe. Waendesha mashtaka hata hivyo walitaka adhabu ya kifo, na ni mwaka 1998 tu, Ted alipokiri makosa, ndipo alipofungwa maisha. Ndugu anayemleta ndugu yake mbele ya sheria ameifanyia nchi kazi ambayo mshahara wake haupo. Akiona amelipwa kwa kudanganywa au kuaibishwa, wa pili hatakuja.

Uko pia undugu wa kupotoka. Tarehe 15 Aprili 2013, miezi michache kabla ya Westgate, ndugu wawili, Tamerlan na Dzhokhar Tsarnaev, walilipua mabomu katika mashindano ya mbio mjini Boston, wakaua watu watatu na kuwajeruhi mamia. Mkubwa alikuwa na umri wa miaka 26, mdogo 19. Mawakili wa mdogo walidai mahakamani kwamba alimfuata kaka yake. Haikumwokoa na hukumu ya kifo mwaka 2015. Kumfuata ndugu shimoni si uaminifu. Mtu mwaminifu humshika mkono nduguye kabla hajatumbukia, na akishindwa, hupiga kelele watu waje.

Sasa turudi kwetu, kwenye methali moja tunayoipenda kupita kiasi. Twasema: "Samaki mmoja akioza, wote wameoza." Methali hiyo ni nzuri kwa mchuuzi wa samaki. Kwa binadamu ni sumu. Mtu si samaki wa kapuni. Mtu ana akili yake, dhamiri yake na jina lake. Anayeitumia methali hiyo juu ya kabila au dini hulala usingizi huku akidhani yuko macho. Tarehe 16 Januari 2019 shambulio la hoteli ya DusitD2 mjini Nairobi lilikwisha, watu 21 wakiwa wamekufa. Kijana ambaye polisi walimtaja kuwa mkuu wa wauaji hakuwa mgeni kutoka Somalia. Alikuwa Mkenya, mtoto wa askari wa jeshi la Kenya, aliyepanga nyumba Muchatha katika jimbo la Kiambu kama mpangaji mwingine yeyote. Wenye macho ya kumtafuta gaidi katika pua na nywele za mtu wangempita njiani wakamwamkia.

Nasi Watanzania tusijione tumekaa juu ya mlima tukiwatazama jirani. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu la Nairobi na bomu la Dar es Salaam yalilipuka asubuhi moja. Mwaka 2017 huko Kibiti na Rufiji waliuawa polisi, viongozi wa vijiji na watu wa vyama. Mwaka 2019 mahakama ya Nairobi ilipowahukumu watu watatu kwa kushiriki katika mauaji ya Garissa, aliyepewa kifungo cha maisha alikuwa kijana Mtanzania. Je, Wakenya wangetenda haki kama wangemtazama kila Mtanzania mjini Nairobi kuwa muuaji? Tusingekubali. Basi tusiwatendee wengine tusilolikubali sisi.

Tumebakiza habari moja, na hii yatugusa sana sisi tuliosomea ualimu. Tarehe 22 Novemba 2014 magaidi walilisimamisha basi lililotoka Mandera, wakawatenga abiria kwa dini zao, wakawaua watu 28. Walikuwamo walimu wengi waliokuwa wakienda kwao likizo. Siku chache baadaye, tarehe 2 Desemba, wakawaua wachimba mawe 36. Baada ya hapo walimu wengi kutoka sehemu nyingine za Kenya walikataa kurudi kaskazini mashariki, na watoto wakabaki madarasani bila wa kuwafundisha. Ndivyo gaidi alivyotaka: watu watengane, kila mmoja amwogope mwenzake.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Desemba 2015, magaidi walilisimamisha basi jingine karibu na El Wak, likielekea Mandera. Wakatoa amri ileile: Waislamu huku, Wakristo kule. Safari hii abiria Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa Wakristo mitandio na vilemba wajifunike. Wakawaambia wauaji kwamba wawaue wote pamoja, au wawaache. Alikuwamo Mwalimu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi, Mwislamu. Alipigwa risasi. Akiwa hospitalini aliwahimiza watu waishi pamoja kwa amani. Mwezi Januari 2016 alifariki. Mwaka 2017 vijana wanafunzi wa filamu huko Hamburg, Ujerumani, walitengeneza filamu fupi juu ya kisa hicho na kuipa jina la Kiswahili, "Watu Wote". Twafurahi kwamba dunia imemjua. Twaona haya ikiwa watoto wetu wa shule hawamjui.

Angalieni basi kazi ya gaidi na kazi ya mbaguzi. Gaidi huwatenga abiria njiani. Mbaguzi huwa amekwisha kuwatenga kabla basi halijaondoka kituoni. Wote wawili hufanya kazi moja, ijapokuwa hawajuani.

Kwa hiyo twasema mambo manne, na tungependa yazungumzwe katika matawi yote.

Kwanza, mwanachama asimwite mwenzake "gaidi" wala "Al-Shabaab" kwa utani, kwa sababu ya kanzu, ndevu, buibui au kabila lake. Mzaha huo ukisikiwa na mtoto wa miaka kumi hugeuka kuwa sheria moyoni mwake.

Pili, mzazi au ndugu mwenye wasiwasi juu ya kijana wake awe na mlango wa kubisha. Ikiwa anaogopa kituo cha polisi, basi amwone mjumbe, au mwalimu, au shehe, au padre. Na huyo atakayebishiwa asikimbilie kutangaza sokoni. Jina la mtu si habari ya kijiweni.

Tatu, serikali ziweke ahadi na kuitimiza: kijana aliyeletwa na nduguye atafikishwa mahakamani mchana kweupe, hatapotea gizani, na jamaa zake hawataadhibiwa kwa kosa lisilo lao. Ahadi hiyo yaweza kuleta habari nyingi kuliko misako.

Nne, sisi walimu tuwasimulie watoto habari za Westgate na za basi la Mandera. Wakitaka hadithi ya kusisimua, hizo zipo, na ni za kweli.

Na wewe ndugu msomaji, ikiwa umekaa na siri ya kijana wa nyumbani kwako, twakwambia kwa heshima: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kumsema kabla hajaua si kumsaliti. Ni kumwokoa yeye, na kumwokoa mtoto wa mtu mwingine ambaye hujapata kumwona. Wazee wetu walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Sisi leo twaongeza: wala si kufichana.